Tangi la lita 60 la maji chumvi: ni viumbe gani wa rangi wanaoweza kuishi pamoja bila kulana?

#1 MwanaMbudya (Dar es Salaam)

Habari za jioni wanajukwaa. Nina tangi la kioo la lita 60, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika, na kwa miezi miwili sasa limejaa maji ya bahari, mchanga na mawe niliyouziwa pamoja nalo. Sitaki samaki. Ninachokitaka ni viumbe wasio na uti wa mgongo wenye rangi, ili wanangu wauone uzuri ambao wengi wetu tuliozaliwa pwani tunaupita juu kwa mashua miaka nenda miaka rudi bila kuinama tukautazama.

Orodha yangu ni hii: kamba msafishaji, yule mwenye mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe katikati (Lysmata amboinensis); kamba wa pingili nyekundu na nyeupe mwenye makoleo marefu (Stenopus hispidus); kamba mweupe mwenye mabaka ya waridi na zambarau kama kanga ya doti (Hymenocera picta); kiti cha pweza mwekundu; kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono; na anemoni mmoja. Konokono wawili wa kula mwani ninao tayari na ni wazima.

Wiki iliyopita nilianza na kamba msafishaji mmoja, akafa siku ya pili. Naomba kusaidiwa mambo mawili: katika orodha hii nani anaweza kukaa na nani, na ni kitu gani kilichomuua yule wa kwanza?

#2 FundiWaNyali (Mombasa)

Karibu. Kabla ya kuuliza nani anapatana na nani, uliza kila mmoja anakula nini, kwa sababu ugomvi mwingi ndani ya tangi ni habari ya chakula tu.

Katika orodha yako umeweka mlaji na mlo wake. Kamba wa mabaka ya waridi hali kitu kingine chochote isipokuwa viti vya pweza. Humpindua mgongo chini na kuanza kumla kwenye miguu midogo ya chini ya mikono, polepole, kwa siku kadhaa, huku mwenyewe akiwa bado hai. Ukiwaweka wote wawili, umempa mmoja chakula cha wiki mbili na baada ya hapo atakufa njaa, usipomnunulia kiti cha pweza mwingine, na mwingine tena baada ya huyo. Nimewahi kumfuga na nikaacha, si kwa sababu ni mgumu, bali sikuweza kuvumilia hesabu hiyo.

Kamba msafishaji hana neno na mtu. Anakula mabaki, na ukizamisha mkono atakuja kukukwangua kucha. Kamba wa pingili ana eneo lake, na usiku hutoka kuwinda. Kaa wa kombe hula karibu kila kitu, na tatizo lake kubwa ni nyumba: akikua na asione kombe tupu la kumtosha, atamtoa konokono wako ndani ya kombe lake na kuhamia humo. Muwekee makombe matupu matano au sita ya ukubwa mbalimbali, lakini hata hivyo usiwadhaminie konokono.

Kuhusu anemoni nitarudi. Hiyo ni mada yenye uzito wake.

#3 KaskaziNjema (Lindi)

Mleta uzi, una hakika kwamba alikufa? Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki mbili au tatu hivi, na gamba linalobaki lina macho, ndevu na miguu yote, kiasi kwamba mtu asiyezoea humzika mfu asiyekuwepo. Kamba mwenyewe huwa amejificha nyuma ya jiwe kwa siku moja au mbili mpaka gamba jipya likaze. Tazama vizuri: gamba tupu huonyesha mwanga na limefunguka mahali kifua kinapokutana na mkia.

#4 MwanaMbudya

Ndugu KaskaziNjema, ningefurahi sana kama ingekuwa hivyo. Nyama ilikuwemo, imegeuka ya waridi iliyofifia kama kamba aliyepitishwa maji ya moto, na alikuwa ameanza kunuka. Konokono walikuwa wameshamfikia. Nashukuru kwa kunifundisha tofauti hiyo.

#5 BibiWaChumvi (Tanga)

Mimi nina miaka kumi na moja na matangi ya maji chumvi, na vifo vya siku ya kwanza hadi ya tatu nilivyoviona, tisa katika kila kumi vilitokana na chumvi. Wauzaji wengi huweka maji yenye chumvi pungufu, gramu 30 kwa lita au hata chini ya hapo, kwa sababu vijidudu vya samaki havipendi maji hayo na wao wenyewe wanaokoa gharama. Wewe nyumbani una maji ya bahari ya gramu 35. Ukimtoa kamba huku na kumtumbukiza kule, maji ya mwilini mwake huvutwa nje kwa ghafla. Samaki ana namna ya kujitetea. Kamba anayo kidogo. Kiti cha pweza hana kabisa, kwa kuwa maji ya bahari ndiyo yanayozunguka ndani ya mirija ya mwili wake.

Pia, je, maji yakipungua unaongeza nini? Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ukiongeza maji ya bahari kila siku, chumvi inapanda kila siku. Lita tatu zikipaa katika tangi lako la lita 60, chumvi inafika gramu 40.

#6 HesabuNiHaki (Nairobi)

Nakubaliana na kanuni ya bandiko la #5 lakini hesabu si sahihi. Gramu 35 mara lita 60 ni gramu 2,100 za chumvi. Zikibaki lita 57, kila lita ina gramu 36.8. Hata hivyo tangi la lita 60 halina maji lita 60. Mawe na mchanga huchukua sehemu kubwa, kwa hiyo tuchukulie lita 45 za maji halisi: zikipungua tatu, tunapata gramu 37.5. Haifiki 40, ingawa kwa kiumbe aliyetoka kwenye maji ya 30 tofauti hiyo si ndogo.

#7 BibiWaChumvi

Ahsante kwa masahihisho, nimeyapokea. Ila bado nasema ni chumvi.

#8 Shimoni82 (Kwale)

Mimi macho yangu yamebaki kwenye maneno matatu ya bandiko la kwanza: "limekwisha kutumika". Mwenye tangi wa kwanza alifuga nini? Kama alifuga samaki, karibu hakika siku moja waliota madoa meupe, na dawa inayouzwa zaidi kwa ugonjwa huo ina shaba. Samaki huistahimili kwa kipimo. Kamba, kaa na konokono hawaistahimili hata kwa kiwango ambacho kipimo cha kawaida hakikioni. Mawe ya chokaa huinyonya na kuiachia kidogo kidogo kwa miezi. Nilipoteza kamba wanne kwa mawe ya kurithi kabla sijaelewa, na nilipoyatoa yote na kuanza upya, wa tano aliishi miaka miwili na nusu.

#9 FundiWaNyali

Hoja ya #8 ni nzito, lakini kuna ushahidi unaoipinga hapa hapa: konokono wawili ni wazima. Shaba ingeanza na wao, au ingewalegeza wote pamoja. Konokono aliyelewa shaba huanguka kioo, hulala chali, hajishiki tena. MwanaMbudya, konokono wako wanatembea?

#10 MwanaMbudya

Wanatembea usiku kucha na kioo wanakiacha kimesafishwa kwa michirizi. Aliyeniuzia tangi alifuga samaki, hilo ni kweli, ila kama alitumia dawa sikumuuliza.

#11 MamaKidawa (Unguja)

Nawasalimu. Mnazungumza chumvi na shaba, na hakuna aliyeuliza jambo ambalo kila nyumba ya pwani inalo: mbu. Dawa za kupuliza zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi, na kamba kwa maumbile ni jamaa wa karibu wa wadudu. Kinachomwangusha mbu ukutani kinamwangusha na yeye, kwa kiasi kidogo mno. Konokono hadhuriki nacho kwa urahisi hivyo, ndiyo maana anaweza kubaki mzima wakati kamba amekufa. Pampu ya hewa nayo huvuta hewa ya chumba na kuipuliza ndani ya maji usiku kucha.

Jirani yangu alifukiza chumba saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kamba wake wote watatu walikuwa wanarukaruka kinyumenyume na kujigonga kioo. Hadi asubuhi hakubaki mmoja. Konokono, chaza na anemoni hawakuonyesha kitu.

#12 MwanaMbudya

Dada MamaKidawa, hapo umenigusa. Tunapuliza sebuleni karibu kila siku magharibi ikikaribia, na tangi liko sebuleni. Lakini tunapuliza upande wa madirisha, kama mita tatu kutoka kwenye tangi, na siku ile sina kumbukumbu kama tulipuliza au hatukupuliza. Nitauliza nyumbani.

#13 MpwaniUghaibuni (Toronto)

Nimesoma uzi mzima na ninaona mlango mmoja haujabishwa. Kamba alikaa ndani ya mfuko wa plastiki kwa muda gani, na ulimfanyia nini ulipomfikisha?

Nauliza kwa sababu ndani ya mfuko uliofungwa mnyama anapumua na kujisaidia. Hewa chafu inayorundikana humo huyafanya maji yaelekee kwenye asidi, na katika hali hiyo amonia iliyomo huwa katika umbo lisilodhuru sana. Ukiufungua mfuko, hewa ile inatoka, maji yanarudi hali yake, na amonia ileile inageuka sumu kali ndani ya dakika chache. Anayeshauri kumzoesha mnyama kwa kudondosha maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa mbili kwenye mfuko uliosafiri siku nzima, anamshauri mtu amwache mnyama ndani ya sumu kwa saa mbili. Mimi, kamba akitoka safari ndefu, nampima chumvi na kumhamisha mapema kadiri niwezavyo.

#14 BibiWaChumvi

Kwa heshima, kijana wangu wa Toronto, kamba wako wanavuka bahari kwa ndege. Wa MwanaMbudya pengine alivuka barabara mbili kwa bajaji. Kwa safari ya saa moja au mbili amonia haijapata nafasi ya kurundikana, na kinachobaki ni tofauti ya chumvi. Mdondoshee kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, matone mawili au matatu kwa sekunde, mpaka maji ya kwenye chombo yaongezeke mara tatu. Saa moja na nusu inatosha kwa kamba. Kiti cha pweza mpe saa tatu.

#15 MpwaniUghaibuni

Nakubali, mama, kwamba safari fupi ina hukumu yake. Sikujua mahali muuzaji alipo.

#16 KaskaziNjema

Hakuna aliyetaja iodini. Kamba huihitaji wakati wa kujivua gamba, na wapo wafugaji wengi wanaoongeza matone machache kila wiki. Wangu mmoja alikwama katikati ya gamba, kichwa kimetoka na mkia umenasa, akafa hivyo. Tangu nianze kuongeza iodini halijatokea tena.

#17 HesabuNiHaki

Maji ya bahari ya asili yana iodini kiasi cha miligramu 0.06 kwa lita, na mleta uzi anatumia maji ya bahari, si chumvi ya mfuko. Akiyabadilisha kwa sehemu kila wiki au mbili, iodini inaingia bila chupa. Zaidi ya hapo, kamba aliyekaa siku mbili hajaishiwa na kitu ambacho huisha kwa majuma. Kukwama kwenye gamba kunaweza pia kuletwa na mabadiliko ya chumvi, au na lishe duni. Sisemi umekosea, nasema tukio moja halitoshi kunishawishi.

#18 KaskaziNjema

Tukio moja kwako, kwangu ni kamba wangu. Nitaendelea na matone yangu.

#19 Shimoni82

Turudi kwenye orodha maana mleta uzi alituuliza mawili. FundiWaNyali alisema kamba wa pingili ana eneo lake, akaishia hapo. Mimi niliwafuga pamoja kamba wa pingili mmoja na wasafishaji wawili kwa takriban miaka miwili, na sikuona hata ndevu iliyokatwa. Kwa hiyo nisingemfuta.

#20 FundiWaNyali

Tangi lako lilikuwa la lita ngapi?

#21 Shimoni82

Lita 240, lenye mapango mengi.

#22 FundiWaNyali

Basi hapo ndipo tofauti ilipo. Katika lita 240 kila mmoja alikuwa na mtaa wake. Katika lita 60, ambazo HesabuNiHaki ameshatuonyesha kuwa ni 45, kamba wa pingili akinyoosha makoleo na zile ndevu nyeupe ndefu, ameshafika nusu ya nyumba. Msafishaji atakuwa salama siku zote isipokuwa usiku mmoja, ule wa kujivua gamba, anapokuwa laini na hawezi kukimbia. Nimeokota miguu ya wasafishaji asubuhi mara mbili, katika matangi mawili tofauti. Kamba wa pingili wawili ambao si dume na jike waliokwishazoeana pia huuana. Ukiwaona dukani wamekaa bega kwa bega, wachukue wote wawili au usichukue hata mmoja.

Ningependa mleta uzi achague: ama wa pingili, ama msafishaji. Mwenye watoto nyumbani ningemshauri msafishaji, kwa kuwa yeye hutoka mchana na kula mkononi, ilhali mwenzake mchana kutwa yumo pangoni akitazama nje.

#23 NyasiBahari (Tanga)

Kuhusu kiti cha pweza mwekundu, naomba tujue tunamsema yupi. Maji yakipwa huku kwetu, kwenye nyasi bahari, wapo tele wale wakubwa wa kijivu wenye vinundu na mistari vyekundu (Protoreaster linckii), ambao watalii huuziwa wamekaushwa. Anafika sentimita 30, na anakula chaza, konokono, sifongo na matumbawe laini. Akikaa kwako mwezi mmoja atakuwa amekula tangi, kisha atafuata mwenyewe kwa njaa. Yule wa buluu wa jamii ya Linckia ni mzuri kupita maelezo, na karibu kila anayeletwa kwenye tangi dogo huanza kumomonyoka ndani ya miezi michache, kwa sababu anakula utando mwembamba unaoota juu ya mawe, na mawe ya lita 60 hayana utando wa kumtosha.

Wadogo wa jamii ya Fromia, wekundu, wasiozidi upana wa kiganja, ndio watu huwaita "rahisi". Mimi siwaiti hivyo. Wanakufa njaa vilevile, ila wanachelewa. Ningependa asubiri mwaka mzima kabla ya kuweka kiti cha pweza yeyote.

#24 MamaKidawa

Nyuzi zote za NyasiBahari humalizika kwa "asubiri mwaka mzima". Hata ule wa kuchagua rangi ya kabati.

#25 NyasiBahari

Na kabati lile halijaoza mpaka leo, dada yangu.

#26 FundiWaNyali

Niliahidi kurudi kwenye anemoni.

Anemoni si ua. Anatembea. Akichukia mahali ulipomweka, kwa mwanga au kwa mkondo wa maji, atajing'oa usiku na kuzurura mpaka apate anapopataka, na njiani atachoma kila anachokigusa. Akinyonywa na pampu atasagwa, na anemoni aliyesagwa ndani ya lita 45 huwaua wote waliomo kabla ya alfajiri. Anahitaji mwanga mkali kwa sababu ndani ya ngozi yake wanaishi mwani wadogo sana wanaomlisha, kama walivyo ndani ya matumbawe.

Na mwani hao hawapendi joto. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida na miamba ya kwetu, kutoka Kenya mpaka kusini mwa Tanzania, ikageuka myeupe. Matumbawe yalikuwa yamewatoa mwani wao, na sehemu kubwa hayakupona. Nilikuwa kijana, nilipiga mbizi wakati ule na sijasahau weupe ule. Jambo hilohilo hutokea sebuleni mwezi wa Februari umeme ukikatika: maji yanapanda hadi nyuzi 31 au 32, anemoni anafifia, na tunasema amekufa kwa bahati mbaya. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ila maji yatapaa kwa kasi zaidi, na hapo Bibi wa Tanga atakukumbusha habari ya chumvi.

#27 BibiWaChumvi

Nitamkumbusha, tena mara mbili kwa siku, kwa maji baridi yasiyo na chumvi na yaliyochujwa. Na maji ya kujaza tangi asiyachote karibu na mlango wa mto. Baada ya masika, mdomo wa Pangani maji huwa mepesi hata kwa ulimi. Kwa Dar es Salaam akae mbali na Msimbazi pale Daraja la Salender. Achote wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, na apime.

#28 MwanaMbudya

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Kamba wa mabaka, wa pingili, kiti cha pweza na anemoni nimewafuta. Nina swali dogo: mpwa wangu huenda na wenzake visiwani, na anasema anaweza kuniokotea kauri na konokono wa rangi bure. Je, nimruhusu?

#29 NyasiBahari

Usimruhusu, na sababu ni tatu.

Kwanza ni sheria, na wewe uliyejiita MwanaMbudya ndiye wa kwanza kupaswa kuijua. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na leo yamo chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Hakiokotwi kitu pale. Matumbawe magumu na chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna wamo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hawavuki mpaka bila kibali.

Pili ni mkono wa kijana. Konokono wa umbo la pia, wenye makombe yaliyochorwa kama nguo ya kufumwa, wana mshale wenye sumu ambao hutoka upande mwembamba wa kombe na unaweza kupenya kitambaa cha suruali. Mmoja wao, Conus geographus, ameua watu, na bahari yetu anayo. Kadhalika vile vitufe laini vya rangi vinavyoota juu ya mawe (Palythoa na Zoanthus) vinaweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno; jiwe lenye vitu hivyo lisichemshwe kamwe wala lisisuguliwe bila glavu na miwani, kwani mvuke wake umewalaza watu hospitalini familia nzima.

Tatu, dondo, yule kauri mkubwa wa madoa, anapita sentimita kumi. Anasukuma mawe usiku na anakula sifongo na matumbawe laini. Ni mzuri sana mahali alipo.

#30 MamaKidawa

Tumemfutia kila kitu, sasa tumpe basi. Mimi ningempa kamba wadogo wa Thor amboinensis, watatu au zaidi kwa kuwa hupenda kundi. Hawafiki sentimita mbili, rangi ya kahawia na madoa meupe yenye ukingo wa buluu, na mkia wameunyanyua juu wakiutikisa kama wanacheza chakacha. Hukaa juu ya anemoni baharini, lakini wasipompata wanaridhika na jiwe. Ndani ya lita 45 watoto watawaona, wakati katika tangi kubwa wangepotea.

#31 MpwaniUghaibuni

Naunga mkono, na ninaongeza kaa bondia, Lybia tessellata. Ni mdogo kama ukucha wa dole gumba, amechorwa kama kioo cha msikiti, na katika kila koleo ameshika anemoni mdogo anaowarusha mbele kama ngumi akitishwa. Watafiti waliochunguza ndugu yake wa Bahari ya Shamu walimnyang'anya anemoni mmoja, naye akamrarua aliyebaki vipande viwili, kila kimoja kikakua kuwa mzima. Hana madhara kwa kamba msafishaji. Udhaifu wake ni aibu: unaweza kukaa wiki usimwone.

#32 Shimoni82

Ongeza mnyoo wa taji la manyoya, anayeishi ndani ya mrija na kuingia ndani kwa kasi akihisi kivuli. Watoto wangu walimpenda kuliko wote. Ila umlishe chembe ndogo ndani ya maji, maji yakiwa safi mno ataliacha taji lake. Na huyo kaa wa kombe awe mmoja, mdogo. Yule mwekundu mwenye madoa meupe, Dardanus megistos, anafika ukubwa wa ngumi na atawala wote tuliowataja.

#33 MwanaMbudya

Wapendwa, narudi baada ya wiki sita.

Nilipima amonia na nitriti, zote sifuri. Nilitoa mawe ya zamani na kuweka mapya, nikaweka mkaa wa kuchujia, nikahamishia tangi chumba ambacho hatupulizi dawa, na nikanunua kipima chumvi. Maji ya muuzaji yalikuwa gramu 29, yangu 36. Nilimdondoshea maji kamba msafishaji mpya kwa saa mbili. Leo ana wiki ya nne, amejivua gamba mara moja, na binti yangu mdogo amelihifadhi gamba hilo ndani ya kiberiti. Thor watatu wapo wote. Kaa bondia nimemwona mara mbili tu, kwa tochi.

Nyumbani wamegawanyika: mke wangu anaamini kwamba siku ile tulipuliza, mama anasema tulikuwa msibani na nyumba ilifungwa.

#34 BibiWaChumvi

Gramu 29 kwa 36. Sina la kuongeza.

#35 Shimoni82

Na mawe ameyatoa, ndipo kamba akaishi. Mama yangu, hilo nalo litazame.

#36 HesabuNiHaki

Amebadilisha mambo manne kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna hata moja tunaloweza kulithibitisha. Kama mawe ya zamani bado unayo, yaloweke ndoo moja ya maji ya bahari kwa wiki mbili, kisha tumbukiza humo konokono mmoja... hapana, nafuta pendekezo hilo, konokono hana kosa. Peleka sampuli ya maji hayo maabara yenye kipimo cha shaba.

#37 MwanaMbudya

Mawe yapo barazani na ndoo ninayo, nitaanza Jumamosi. Wakati huohuo naomba mnisaidie: tangu jana Thor mmoja amebeba kitu cha kijani chini ya tumbo, na anakipepea kwa miguu bila kupumzika. Ni mayai?

#38 MamaKidawa

Ni mayai. Zima pampu usiku watakapoanguliwa, uwaamshe watoto, na uwashe tochi kwenye pembe moja ya kioo. Watakuja kwenye mwanga kama vumbi linaloelea.